Siku Mtani Alipotoa Shikamoo

Ngeleja hakuwahi kumwamkia Mfipa yeyote. Tangu alipoingia kijijini Mwazye na ng'ombe zake, akiukimbia ukame wa kwao Usukumani, wenyeji walimfanya mtani wao, na mtani hasalimii, anatukana. Harusini alikalia kiti cha bwana harusi. Msibani alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa pombe. Msiba ambao Ngeleja hakufika, watu walisema haukunoga.

Basi soko huria likaja, na malori ya watu binafsi yakajaa barabarani yakigombea mahindi. Wilibrodi, mtoto wa Mwazye, alikuwa ofisa biashara wa wilaya, naye alikuwa amelikamata lori moja likivusha mahindi kwenda Zambia kwa njia za panya. Wilaya nzima ilikuwa na habari hiyo. Siku chache baadaye alirudi nyumbani kumaliza matanga ya baba yake, mzee Fransisko.

Asubuhi ya matanga Ngeleja alichelewa, maksai wake walikwama topeni. Njiani pikapu moja ilimpita mbio, ikamrushia tope mpaka machoni. Mbele, katikati ya wanaume wawili, wa tatu akiwa nyuma, alikaa Mama Adela, mjane mwenyewe, akimpungia mkono huku anacheka. Ngeleja akamtukania meno yake, kama kawaida, akaendelea na safari.

Alipofika uani alipokewa kwa vicheko.

"Mwizi wetu huyo," alisema Dominika, mkwe wa Mama Adela, akisonga ugali. "Umemficha wapi mama mkwe, Msukuma wewe?"

Kumbe wale wanaume walikuwa wameingia mchana kweupe, wakamshika mama mkono, wakatangaza: Wilibrodi aliachie lori letu kabla jua halijazama, la sivyo hamtamwona tena. Waombolezaji wakaangua kicheko. Nani asiyejua mizaha ya Ngeleja? Mama mwenyewe alipanda pikapu akichekelea, na Wilibrodi alicheka mpaka akafuta machozi, akawaambia wachukue hata malori mawili. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini siku hiyo nani angeukumbuka msemo huo?

"Mimi sikumtuma mtu," alisema Ngeleja.

Wakacheka.

"Naapa kwa mama yangu."

Wakacheka zaidi, maana mtani akiapa ndipo utamu unapozidi. Mtani hukamata mbele ya watu, na hukaa hapohapo na mateka wake mpaka alipwe. Hamtoi mjane nje ya ua, tena kwa gari! Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kila alilosema liligeuka kichekesho. Ulimi uliomlisha miaka yote ndio sasa ulikuwa unamuua Mama Adela.

Akavua kofia. Akatembea mpaka kwa mzee Flavian, kaka wa marehemu, akapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, baba."

Vicheko vilikatika. Mwiko wa Dominika ulianguka chini. Mzee Flavian alimtazama yule Msukuma, akashindwa hata kusema marahaba.

"Jamani," alisema mwishowe, "ni kweli."

Hapo Ngeleja akapiga yowe la sungusungu, filimbi zikaitikia kutoka maboma yote ya wafugaji, na Wasukuma na Wafipa wakatoka pamoja, fimbo na majembe mkononi, Wilibrodi mbele na viatu vyake vya ofisini. Alama za matairi zilikuwa mbichi. Wakakimbia, wakateleza, wakainuka, wakakimbia tena. Dereva, mgeni asiyeijua Ufipa, alikuwa ameacha barabara ili akate njia shambani, pikapu ikapanda matuta makubwa ya wenyeji na kubaki tumbo juu ya tuta, magurudumu yakizunguka bure. Wenzake wawili waliuona umati, wakatupa panga na kutimua mbio. Dereva alidakwa, akapelekwa polisi.

Mama Adela alikuwa bado ndani, akifoka. "Watani gani ninyi? Safari nzima ninawatukana, hamjibu hata tusi moja!"

Kisha akamwona Ngeleja mlangoni, analia. Akatazama lile panga chini, akaushika mkono wa Ngeleja na hakuuachia.

Walimrudisha kwa mkokoteni wa maksai, huku wanawake wakipiga vigelegele njia nzima. Uani Wilibrodi alinyoosha mikono ampokee mama yake. Ngeleja akamzuia kwa fimbo.

"Huyu sasa nimemteka mimi. Mkomboe, Mfipa mchoyo."

Kicheko kililipuka, na safari hii watu walicheka huku wakilia. Ofisa biashara akaingia ndani mbio, akatoka na chungu cha pombe ya ulezi kichwani, suti ikiloa, akakitua miguuni pa Ngeleja.

"Chukua, mtani. Nipe mama."

Ngeleja akasogeza fimbo. Mama Adela hakushuka. Alimgeukia mwanawe.

"Ongeza kingine," alisema. "Asubuhi ulicheka."