Kamati Inataka Lenzi Nyeupe, Naswa Anataka Mwanga

Saa nne asubuhi, Jumamosi. Ndani ya kanisa moja la mabati huko Otonglo, Mercyline Naswa amepiga goti nyuma ya benchi ya tatu, kiwiko kimeegemea paja, jicho limeganda kwenye kamera. Bwana harusi ananyoosha mkono wenye pete. Shata inalia mara sita. Naswa anatazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera, kisha anaguna kwa kuridhika.

Hasogei mbele, na si kwa kupenda. Kanisa hili lina sheria zake: wakati wa viapo mpiga picha havuki benchi ya tatu, na flashi ni marufuku. Madirisha ni madogo kama ya ghala la mahindi. Ukiitaka pete, uivute kutoka mbali kwa lenzi ndefu, na lenzi yenyewe iwe inayopitisha mwanga mwingi.

"Hapa ndani lenzi ya kawaida ni kipofu," anasema. "Halafu mtu mzima anakuja kuniambia mambo ya rangi!"

Neno rangi analitema. Naswa ana umri wa miaka thelathini na sita, anaishi Nyamasaria, na kwa miaka kumi na mmoja amepiga picha za harusi na mazishi kando ya ziwa. Tangu Desemba iliyopita ana hasira ambayo haijapoa. Mwandishi aliyeketi naye mchana kutwa haoni kwa nini ipoe.

Kila Desemba kanisa hili hufungisha ndoa za pamoja. Wanaofunga ni watu waliokaa pamoja miaka na miaka, wakazaa, wakaona wajukuu, bila kupata nafasi ya kusimama madhabahuni. Siku hiyo huvishana pete jozi moja baada ya nyingine, na kamati huajiri mpiga picha mmoja tu. Mwaka jana Naswa aliiomba kazi hiyo. Wanakamati hawakufungua hata albamu yake. Waliangalia kamera.

"Mwenyekiti aliniambia, 'Madam, hiyo lenzi yako ni nyeusi. Wapiga picha wenyewe tunawaonanga kwa TV na nyeupe.' Nikadhani ananitania."

Hakuwa anatania. Kazi alipewa Joram, mpiga picha wa mjini, kwa sababu lenzi yake ilikuwa nyeupe. Kamati haikujua kwamba lenzi nyeupe haziko sawa. Ipo ile kubwa, ya kilo moja na nusu, ambayo namba yake ya mwanga ni mbili nukta nane na bei yake inapita laki mbili hata ikiwa imetumika. Ipo pia ndogo yake, nyeupe vilevile, ambayo namba yake ni nne. Kwenye lenzi, namba ikipungua mwanga unaongezeka. Ya Joram ilikuwa ya nne, kwa hiyo iliingiza nusu tu ya mwanga unaoingia kwenye ile kubwa.

Lenzi nyeusi ya Naswa, ya kampuni nyingine, ni mbili nukta nane. Aliinunua mkononi mwa mtu, ikiwa imetumika, kwa shilingi elfu themanini na tano, akala ugali na omena miezi saba akiilipia.

Mwanga ukiwa nusu, shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, hukaa wazi muda maradufu, na kinachotikisika hutoka ukungu. Picha zilipotoka hivyo, Joram alijitetea kwamba lenzi yake ina kitulizi.

"Sawa, inacho," Naswa anasema huku akipiga meza. "Kinatuliza mkono wa mpiga picha. Kitatuliza mkono wa Mzee Opondo?"

Mzee Opondo alikuwa mvuvi wa Dunga. Alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono, na alingoja miaka thelathini na mitatu kumvisha pete mkewe, Dorca. Alimvisha Desemba ile. Machi mwaka huu alifariki.

Nyumbani kwake Dunga, Mama Dorca anatoa picha ya siku hiyo kwenye bahasha na kuifuta kwa upindo wa leso, ingawa haina vumbi.

"Uso wake naona," anamwambia Naswa. "Lakini hapa kwa pete, angalia, ni kama moshi tu. Nyara, binti yangu, mimi nitaenda kumwambia nani arudie?"

Naswa anairudisha picha kwenye bahasha. Wakishatoka nje, yeye na mwandishi, ndipo anafoka: "Joram angeiongezea kamera usikivu wa mwanga, picha ingejaa chenga kama mchanga lakini vidole vingeonekana. Aliogopa chenga! Chenga imemuua nani?"

Mwezi uliopita aliamua kuwaonyesha. Alikodi lenzi zote mbili nyeupe kwa siku moja, akaweka na yake, akapiga kutoka benchi ya tatu, saa ileile ya viapo, muumini mmoja akivaa na kuvua pete huku akitikisa mikono. Alisafisha picha tatu, akaandika namba nyuma, akazipeleka kwa kamati bila kusema ipi ni ya lenzi gani.

Wanakamati walikuwa saba. Wanne walichagua ya lenzi nyeusi, watatu ya nyeupe kubwa. Ya nyeupe ndogo haikupata hata mmoja.

"Kusema haki, ile kubwa inashika lengo haraka kuliko yangu, na pembeni picha yake ni kali zaidi," Naswa anakiri. "Ningekuwa na pesa ningeinunua kesho. Lakini vidole walivihesabu kwa zote mbili. Kwa ile ndogo hawakuona kitu."

Mwenyekiti, Bwana Walubengo, alizigeuzageuza picha, akakohoa, kisha akasema Naswa amewashinda na kazi ni yake. Akaongeza jambo moja.

"Wageni wanatoka Nairobi, Madam. Hiyo yako, si ungeipaka tu rangi nyeupe?"

Naswa anasimulia haya kwa sauti ya chini, na hapo ndipo anatisha zaidi. Alizikusanya picha zake akatoka bila kukubali. Kamati sasa inasema itaamua Jumapili ijayo iwapo itamrudia Joram.

Desemba hii jozi ni kumi na tisa. Bwana harusi mkubwa kuliko wote, Mzee Wakhisi, ana miaka sabini na minane, na kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili. Naswa ameshamtembelea mara mbili kuangalia ni mkono upi unaotetemeka zaidi.

"Siipaki rangi. Wakinipa kazi, vizuri. Wakimpa Joram, nitakuja kama muumini, nitakaa benchi ya tatu na nyeusi yangu, na huyo mzee nitampiga picha pete ikiingia kidoleni. Bure. Wakitaka kunitoa, wanitoe mbele ya mke wake."