Mchuuzi wa Tumbe na Mbio za Masika

Masika yote tulishindana kwa baiskeli kwenye njia za matope za Kiuyu, na kila Jumapili mchuuzi wa samaki kutoka Tumbe alijitayarisha vilevile. Alifungua tenga kwenye keria, akazigusa spoku moja moja kwa vidole vilivyoganda magamba, huku akiisemesha baiskeli kwa sauti ya chini. Penye tope zito aliibeba begani na kukimbia pekupeku.

Katika mbio za mwisho alikuwa ameniacha hatua chache tu pale cheni yangu ilipotoka. Aligeuka, akailaza baiskeli yake, akapiga magoti topeni na kuirudisha cheni. “Haya panda, ndugu yangu, twende.” Nilipanda, wala sikumngoja aiinue yake. Nilifika wa kwanza, watu wakanibeba juu juu. Yeye alikuja kunipa mkono. “Hongera. Leo umekwenda kweli.” Waliokuwepo wakamcheka kwa kushindwa. Neno langu moja lingewanyamazisha, nami nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Msimu uliofuata hakuja. Tukikutana sokoni Wete, hunisalimia yeye kwanza, kisha hunichagulia samaki walio wabichi zaidi.