Blanketi Kwenye Mdomo wa Injini

Jumanne nililetewa habari kutoka kijijini Paya kwamba yule fundi wa malori niliyefanya naye kazi Tororo enzi za mkoloni amefariki. Ninyi wasomaji wangu mmezoea kunisikia nikiwasifu marehemu. Leo nivumilieni, maana ninayetaka kumtemea mate ni mimi mwenyewe.

Yeye alikuwa fundi, mimi karani, katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Ugoro hakuugusa kabisa, kwa sababu ubovu wa injini aliutafuta kwanza kwa pua: aliinama nyuma ya lori, akanusa moshi, ndipo akafungua boneti. Msimu mmoja, lori letu la kuleta pamba kutoka Busia likaanza kunuka. Kefule! Moshi mweusi, macho yanawasha, harufu ya petroli mpaka kwenye chai yetu. Bwana mkubwa, Mzungu msimamizi, akamkabili fundi mbele ya wapakiaji: "Wewe naiba petroli, natia mafuta ya taa!" Kazi ilikuwa inamponyoka hivyo, na pengine jela ingefuata.

Fundi akanusa. "Hapana, bwana. Hii petroli tu, haijaungua. Gari nakosa pumzi." Akafungua boneti, akachomoa kipande cha blanketi kilichofungwa kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Akawasha injini. Haukupita muda, moshi ukafifia na ile harufu ikaisha. Wapakiaji wakapiga makofi. Bwana akaiva uso. "Nani nafunga hii?"

Alijua vizuri sana! Alikuwa amelifunga mwenyewe, eti kuzuia vumbi la barabara, na mimi ndiye niliyemshikia waya wa kulikazia. Fundi akanigeukia: "Karani, wewe unakuwa hapa kila siku. Nani alifunga?"

Nikasema, "Sijui."

Bwana akamgeuzia fundi kwamba ndiye aliyelifunga, akamfukuza kwa kosa la kuharibu lori. Tumemlaumu sana mkoloni kwa mambo kama haya, na alistahili. Lakini uonevu wake ulihitaji makarani wa kunyamaza, nao hawakukosekana. Mimi nilirudi mezani kwangu kunywa chai.

Mazishini nilipewa nafasi ya kuzungumza. Nikasifu ufundi wake, nikaketi. Mjane wake akanishika mikono yote miwili. "Asante, ndugu yangu. Yeye alikuwa anasema, karani hakuona kitu. Kama aliona, angesema."

Niliona, mama; sikukuambia siku ile, nakuandikia leo. Shahidi anayengoja mazishi hamtetei mtu, anajikosha tu.