Humaidha ya Mgeni

Wiki chache baada ya mvua, pale sokoni Matrah hutokea wanawake wakiuza mafungu ya humaidha. Ni mboga ya mwitu, chachu, inayoota kwenye majabali makavu na kutoa maua mekundu kama midomo ya mtoto aliyekula ubuyu. Nikisikia harufu yake mate hunijaa, lakini sinunui.

Tulikuwa tukikaa Darsait kwa shangazi yetu, mimi na mdogo wangu Zuwena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye minne. Baba alitangulia, mama akafuata, na mama aliniachia neno moja: msitengane. Shangazi hakuwa mtu wa kupiga. Alisema tu, huku akitupakulia wali, kwamba yatima ni kama nzige, huwasikii wakija ila unaiona sahani tupu.

Asubuhi moja akanituma mlimani nikachume humaidha. Anakuja mgeni kutoka mji wa Sur, alisema, anapenda kuila na samaki wa kuchoma. Nikaenda na Zuwena, naye akajichomeka maua nyweleni. Nilirudi nikaosha jani mojamoja, nikitamani kusifiwa.

Mgeni alikuwa binamu yake Shangazi, mwanamke mpole asiye na mtoto. Alikula, akanisifu, kisha akamwita Zuwena na kumtazama kinywa.

"Meno anayo yote?"

"Anayo," Shangazi akajibu, "na anayatumia."

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Wakati wa kuondoka, Shangazi akampeleka Zuwena kwenye gari la mgeni; Zuwena akang'ang'ania mlango, akapiga mateke. Hapo ndipo nilipoelewa mgeni kafuata nini. Shangazi akanivuta kando.

"Mwambie apande, wewe anakusikia. Nna wangu watano mimi. Ukikataa, na wewe katafute pa kulala."

Nikainama. "Panda, Zuwena. Navaa viatu, nakuja."

Akauachia mlango mara moja. Akapanda, akasogea ili nipate pa kukaa.

Nikiwa na miaka kumi na mitano niliacha shule, nikashona mabuibui mtaa wa Hamriya kwa miaka saba mpaka nikapata chumba cha watu wawili. Nikaenda Sur kumchukua Zuwena. Alinikaribisha kwa adabu, akanimiminia kahawa kama mgeni, akasema hatoki. Bado naenda kila mwezi.

"Shangazi simkumbuki hata sura," aliniambia siku moja. "Nakukumbuka wewe tu. Wewe ndiye uliyenipandisha."

Miaka yote nilijiliwaza kwamba nilikuwa mtoto, sikuwa na uwezo. Kumbe katika ua ule mzima hakuna mwingine ambaye Zuwena angemtii, na Shangazi alilijua hilo kabla yangu.