Eda ya Mauza binti Nasoro

Mauza binti Nasoro hakumshtaki shemeji yake kwa kutaka nyumba. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu mpaka leo wapo wazee wa Kariakoo wanaolisimulia kinyume, na wajukuu zao wanalipokea hivyo hivyo. Mauza alikuwa dada wa mume wangu, marehemu Salem. Amekwisha kwenda zake na hawezi kujitetea. Mimi nilisomeshwa, kalamu ninayo, na jina la baba yake ndilo jina wanaloitwa watoto wangu.

Baba yao alikuwa Mwarabu muuza samli na tende, mama yao mwenyeji wa Mzizima. Mauza alikuwa mfupi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Alishona kanzu nyumbani kwa cherehani ya mkono, na darizi yake ya shingoni ilijulikana mpaka Magomeni. Wateja wanaume aliongea nao nyuma ya pazia. Siku moja mzee mmoja alilalamika kwamba kanzu inambana tumboni. "Haikubani, ami," alimjibu. "Wewe ndiye unayeibana. Iombe radhi." Yule mzee alicheka mpaka akasahau kudai apunguziwe bei.

Aliolewa na Saif, muuza mchele wa vibaba pale sokoni, kijana mpole ambaye maneno yote aliyaacha kwa mkewe. Walikaa Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita aliyoiacha baba yake Saif. Ndani yake walikuwamo mama mkwe, Bi Hind, na mdogo wake Saif, Hamud. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Saadiya.

Mwaka wa 1933 homa ilimchukua Saif. Mauza akaingia eda.

Kwa vijana wasioiona siku hizi, nieleze kidogo. Mjane wa kwetu alikaa ndani miezi minne na siku kumi. Alivaa nguo nyeupe, hakujifukiza udi, hakutia wanja. Mwanamume aliyeweza kumwoa hakumwona wala hakuisikia sauti yake. Mlangoni hakutoka. Mauza, mtu wa maneno na kicheko, alikaa chumbani na tasbihi, na sisi wanawake tukipokezana kumtazama. Hamud alilishika duka la marehemu na akawa ndiye mwanamume wa nyumba. Mtaa mzima ulimsifu kwa kutowaacha wafiwa.

Eda haijafika nusu, Saadiya alimwambia mama yake alilotendewa na ami yake. Alikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani. Sitaliandika jambo lenyewe. Mtoto yule alilitamka mara mbili maishani mwake, mara moja kwa mama yake na mara moja mbele ya hakimu, na mara mbili zilimtosha.

Mauza alimwita Bi Hind saa ile ile. Mimi nilikuwa uani nikichambua mchele, dirisha liko wazi, nikasikia.

"Mama, nataka kutoka. Naenda kwa polisi."

"Utoke wapi? Una eda ya mwanangu."

"Mtoto ameharibiwa, mama. Na aliyemharibu analala chumba cha pili."

 Bi Hind alisema kwa sauti ya chini, "Mke mwanangu, mimi ndiye ninayesomesha wanawake wa mtaa huu dini yao. Mjane hatoki. Ukitoka utamlaza Saif pabaya. Kaa. Jambo hili tutalizungumza wenyewe, eda ikiisha."

"Na Hamud?"

"Hamud nitamsemesha."

Basi Mauza akakaa. Alimhamishia Saadiya chumbani kwake, akamlaza upande wa ukutani, akaweka komeo jipya mlangoni. Mtoto hakwenda msalani bila mmoja wetu kumfuata. Salem alitaka kwenda kumpiga Hamud dukani, mbele za watu, na Mauza akamtumia ujumbe kupitia kwangu: "Mwambie kaka yangu akimpiga, watu watauliza kwa nini, na jibu litakuwa la mwanangu. Angoje nitoke. Nitakwenda mwenyewe." Tukangoja.

Siku aliyotoka eda, wanawake walikuja kumwogesha kama ilivyo ada. Walimletea kanga mpya na asumini. Aliwashukuru, akavaa buibui, akamshika Saadiya mkono, akapita katikati yao mpaka barabarani. Walidhani anakwenda kuzuru kaburi la mumewe. Alikwenda kituo cha polisi.

Hamud alishtakiwa. Hakimu wa kwanza alikuwa Mzungu aliyekaa pwani miaka mingi, aliyejua kuamkiana na wazee. Mauza alisimama akaeleza. Alipofika mahali pa kusema mtoto alimwambia lini, alisema, "Nikiwa edani," na alipoulizwa alikwenda polisi lini, akasema, "Nilipotoka." Karani alitikisa kichwa kuonyesha kuelewa. Mkalimani alitikisa kichwa. Hakimu naye akaendelea na swali jingine. Nani angeuliza kwa nini mjane hakutoka? Lilikuwa sawa na kuuliza kwa nini mtu hakula mchana wa Ramadhani. Mtoto aliaminiwa, Hamud akafungwa.

Mtaa uligawanyika. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja, Zena, alimtupia maneno mbele ya foleni nzima. "Bi Mauza, shemeji umeshamtia jela. Sasa mama mkwe utamtia wapi, nyumba iwe nyeupe?"

"Nitamtia kwako, dada," alisema Mauza huku akijitwisha ndoo. "Kwako si pana nafasi? Mumeo halali nyumbani siku hizi."

Watu walicheka, Zena akashika adabu yake. Lakini tulipofika nyumbani Mauza aliitua ndoo, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila nazi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Ndipo tukasikia kwamba Hamud amekata rufani. Bi Hind alikuwa ameuza bangili zake akamweka wakili. Alikuja chumbani kwa Mauza, mimi nipo, akakaa chini mkekani, yeye ambaye siku zote alikalia kiti.

"Mwanangu, nakuomba. Mwambie wakili kwamba ulighadhibika kwa ajili ya mirathi. Tutafanya sulhu. Hamud atakwenda kukaa Bagamoyo, hutamwona tena."

"Na Saadiya atakuwa nani? Mwongo?"

"Ni mtoto. Atasahau."

"Mimi sijasahau meno yaliponing'oka, mama, na hilo lilikuwa jambo dogo." Kisha akamsaidia kuinuka, kwa sababu magoti ya Bi Hind yalikuwa mabovu. "Akishinda ataona ana haki ya kurudi humu. Akirudi, mimi nimlinde mtoto kwa komeo maisha yangu yote? Siwezi, mama. Nisamehe."

Siku ya rufani tulikwenda kwa miguu mpaka mahakama ya juu, kule ufukoni. Mauza alijitayarisha kama anayekwenda kutoa ushahidi upya. Usiku wa kuamkia alikuwa amepanga kila neno. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba rufani haisikilizi watu. Inasikiliza karatasi. Jaji alikuwa mgeni, hajamaliza mwaka nchini. Wakili na mwanasheria wa Serikali walisema Kiingereza chao, na Salem, aliyekuwa karani wa forodha, akatunong'oneza maana yake.

"Wakili wa Hamud anasema Saif aliacha nyumba na duka. Anasema wewe na Hamud mna ugomvi wa mirathi."

"Mwongo," alisema Mauza.

"Sasa anasema kituo cha polisi ni mwendo mfupi toka nyumbani. Anauliza, mama gani aambiwe jambo kama lile, akae miezi, ndipo aende?"

Jaji aliinua macho. Akamuuliza mwanasheria wa Serikali kama karatasi zinaeleza sababu ya kukawia. Yule kijana alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Hakuona. Pale penye neno "eda" pameandikwa neno tu, bila maelezo, kwa maana aliyeliandika hakudhani kuna mtu duniani asiyelijua.

Mauza alisimama. "Nilikuwa edani! Mwambieni, nilikuwa edani!"

Askari alimwashiria akae. Mkalimani alimtazama kwa huruma, akainamisha kichwa, hakuulizwa kitu. Jaji alisema atatoa hukumu siku nyingine.

Tukaona bado ipo nafasi. Salem alikwenda kwa mwalimu wetu, mzee Fikirini, mtu mchaji, kuomba barua ya kueleza sheria ya eda ili mwanasheria wa Serikali aipeleke kwa jaji. Alirudi mikono mitupu. Mauza alikuwa anangoja kizingitini.

"Amekataa?"

"Hakukataa." Salem alivua kofia akaivaa tena. "Amesema akiandika, ataandika kweli. Na kweli ni kwamba mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa dharura. Akiugua, akiogopea nafsi yake, akiogopea mtoto. Amesema hilo limo vitabuni tangu zamani. Barua yake ingemsaidia Hamud."

Mauza alishika mwimo wa mlango.

"Kwa hiyo ningeweza kutoka."

"Ningeweza kutoka siku ile ile?" Mauza aliuliza tena.

"Ndiyo, dada."

Saadiya alikuwa nyuma yake na kikapu cha vifungo. Akasema, "Bibi alijua?"

Sijapata kusikia swali zito kama lile, na nimezika mume na watoto wawili. Bi Hind alikuwa akisomesha vitabu hivyo hivyo. Huenda hakufika mlango huo wa kitabu, huenda alifika. Mauza alimpokea mtoto kikapu, akaketi kwenye cherehani, akashona upindo wa kanzu ya watu, na machozi yakawa yanaingia kwenye kitambaa. Aliufumua upindo wote akashona tena, kwa sababu kanzu ilikuwa ya harusi.

Jaji alimwachia Hamud. Alisema ushahidi wa mtoto peke yake, na kukawia kule kusikoelezwa, havitoshi kumfunga mtu. Alasiri ile watu walijaa barazani Mtaa wa Sikukuu, Bi Hind akafukiza ubani, na Hamud akapeana mikono kama mtu aliyerudi Hija.

Mauza hakungoja magharibi. Fungu lake la nyumba na la Saadiya aliliacha pale pale, hakulidai siku ile wala baadaye, na wanaosema alishtaki kwa ajili ya nyumba hawajanieleza bado kwa nini aliiacha. Salem alijitwika cherehani. Mimi nilibeba mtungi na furushi la nguo. Tulipita mbele ya baraza, Mauza akawatolea salamu wanaume waliokaa, wakaitikia kwa sababu salamu lazima iitikiwe.

Tulipofika kona ya soko Saadiya aliuliza, "Mama, jaji kasema mimi mwongo?"

"Hakusema hivyo."

"Kasema nini basi?"

Mauza alimtazama kaka yake. Salem, aliyetufasiria kila neno la Kiingereza tangu kesi ianze, aliitengeneza cherehani begani, kisha akamjibu.

"Amesema karatasi hazikutosha, mwanangu."

Mtoto alitembea hatua chache akifikiri. Wachuuzi walikuwa wanakunja mikeka, na mmoja alimwita Mauza kwa jina, akamuuliza kanzu yake itakuwa tayari lini.

"Mbona jaji hakuniuliza mimi?" alisema Saadiya.

Mauza alimjibu yule mchuuzi kwamba kanzu itakuwa tayari Ijumaa.  Kisha alimvuta Saadiya karibu, akamfunika kwa upande wa buibui lake, ingawa jua lilikuwa bado kali, na wakaenda hivyo mpaka kwetu.