Sufuria Niliyoiazima kwa Mama Zuhura

Walisema sitaweza, mwanangu. Walisema kijana aliyesoma mpaka stashahada, akavaa viatu vya ngozi Dar es Salaam, hawezi kurudi Kiomboi akakaa jikoni na mwiko kama bibi harusi. Mjomba wangu Msengi alilitangaza hilo stendi ya mabasi, watu wakisikia: "Mpwa wangu amesomea kupika! Tumeuza ng'ombe ili atuletee uji!" Watu wakacheka mpaka konda akasahau kuita abiria.

Leo jamu yangu inapakwa kwenye mikate kuanzia hapa hadi Singida mjini, na stashahada yangu inaning'inia pale ukutani unapoiona. Najivunia, sifichi. Nilianza mikono mitupu. Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote si ile niliyopewa cheti, ni ile niliyorudisha vyombo vya watu.

Nilisomea usindikaji wa vyakula, kisha nikaajiriwa kwenye kiwanda kimoja huko pwani. Kila asubuhi nilikula mkate na jamu nyekundu ya dukani, na kila asubuhi ulimi wangu ulitafuta kitu kingine. Mama yangu alikuwa akipika jamu ya mapapai. Aliipaka kwenye viazi vitamu vya moto, nasi tukala tumekaa kizingitini, miguu nje. Ilikuwa na rangi ya udongo wa kwetu baada ya mvua, na mwisho wake ulikuwa na uchachu uliokufanya ufumbe jicho moja. Mama alifariki nikiwa chuoni. Nilikuja kuzika, nikaondoka. Ule uchachu haukuniondoka.

Basi nikaacha kazi, nikarudi. Nyumba ya mama ilikuwa na kufuli, vyombo vyake viligawiwa ndugu siku ya kuanua matanga, na mjomba alikuwa na mnunuzi tayari. "Nakupa mpaka mavuno," aliniambia. "Ukishindwa na uji wako, tunauza." Nikakubali, kichwa juu.

Nikapita kwa majirani kuazima. Beseni kwa huyu, kisu kwa yule, chupa za mifuniko kwa mama mmoja wa kanisani. Sufuria kubwa niliipata kwa Mama Zuhura, mjane aliyeuza vitenge sokoni, rafiki wa mama tangu usichana wao. Na wewe unajua desturi yetu: chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Hata ukiazima kikombe, unatia chumvi kidogo, au yai. Kwa hiyo vyombo vyote vile ilibidi vikae kwangu mpaka jamu itoke.

Nilipika kama nilivyofundishwa. Papai lililoanza kuiva, sukari, maji ya ndimu, moto wa kiasi. Unadondosha tone kwenye sahani baridi, unaiinamisha. Tone likisita kutiririka, jamu imeiva. Ilitoka safi, mwanangu, inang'aa kama dhahabu ya Sekenke! Mwalimu wangu angenipa alama zote. Nikaonja, nikakaa chini. Ilikuwa jamu nzuri ya mama wa mtu mwingine.

Nikapika tena. Nikaongeza ndimu, nikapunguza, nikatia tangawizi. Wenye vyombo wakaanza kupita mlangoni. "Baba, beseni langu nalo linasomea stashahada?" aliuliza jirani. Watu wakaanza kukata mtama. Mjomba akaja na mnunuzi wake, wakapima kiwanja kwa hatua mbele ya macho yangu.

Nikaona nivirudishe vya watu kabla sijafukuzwa. Kila chombo nikakitia jamu ya dhahabu. Majirani walilamba vidole. Sufuria ya Mama Zuhura niliiacha mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia." Akaonja, akafumba macho. "Tamu. Ila mama yako simuoni humu."

Nikamsogezea sufuria. "Nimekuletea chombo chako, mama. Asante."

"Changu? Hii ni ya mama yako. Aliniazima nipikie wali wa Idi, ndipo akaugua. Kisha nyumba ikafungwa. Ningemrudishia nani, kufuli?"

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambiaje, na sikuwa na kitu cha kutia ndani? Nimrudishie marehemu sufuria tupu?"

Akaihamishia jamu yangu kwenye bakuli lake, akaiosha sufuria, akaingia ndani. Alipotoka ilikuwa imejaa ukwaju mpya, maganda yakikatika. "Umeletwa jana kutoka miteremko ya Sekenke," alisema. "Alikuwa akiupenda."

Harufu ilinifikia kabla ya sufuria. Sikuaga vizuri, Mungu anisamehe.

Jioni ile niliuloweka ukwaju, nikauchuja, nikautia kwenye mapapai badala ya ndimu. Ikatoka rangi ya udongo. Nikaonja, na jicho moja likajifumba lenyewe. Haikuwa ya mama hasa. Ilikuwa karibu sana na yake, na huo ukaribu ndio ulioniliza. Mpaka leo, kila msimu wa ukwaju nakifukuzia hicho kidogo kilichobaki.

Asubuhi mjomba alikuja na mnunuzi. Nikampa mjomba kipande cha kiazi kilichopakwa jamu. Akatafuna, akafumba jicho moja. "Huyu ni dada yangu kabisa," akasema taratibu. Kisha akamgeukia mnunuzi: "Rudi kwako, bwana. Hapa pana mtu."

Siku hiyohiyo nikapita upya kwa wote walioniazima, mlango kwa mlango, kila mmoja na chupa ya jamu ya udongo, maana niliona ile ya kwanza haikuwa malipo. Nikamalizia kwa Mama Zuhura. Tulikula tumekaa kizingitini kwake, miguu nje.

Mwanangu, utakwenda mbali na utasoma kunipita, mimi nitatamba stendi nzima. Lakini ukirudi kwenu, usirudi na kila kitu. Baki na jambo la kuazima, ili uwe na mlango wa kugonga, na anayekufungulia awe na lako alilokutunzia. Mungu akujaalie vyombo vyako visirudi vitupu, wala wewe usirudi ukakuta kufuli. Amina.