Baridi ya Chumba Changu Imo Kwenye Simu ya Mkwe Wangu

Assalaam aleikum, admin na wasomaji. Jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka sabini na mbili, mjane, mzaliwa wa Unguja niliyeondoka kwetu msichana na sikurudi tena kuishi. Doha nimekaa kuliko mahali pengine popote duniani. Nilikuwa mwalimu, na hata sasa siku yangu haikamiliki bila kitabu.

Mume wangu alipofariki, binti yangu wa pekee alinitoa kwenye fleti yetu ya Fereej Bin Mahmoud akanileta kwake, villa ya Al Thumama. Kule tulikuwa na kiyoyozi cha dirishani. Kilinguruma kama mzee mwenye pumu, lakini kilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ukisikia baridi unakizungusha, unaendelea na kitabu chako. Huku nyumba nzima ina mtambo mmoja. Kila chumba kina kipimo ukutani, ila ukikigusa hakikujibu. Baridi ya jikoni, ya sebuleni, ya watoto na yangu mimi, zote anaziendesha mkwe wangu kwenye simu yake, hata akiwa kazini.

Sisemi ni mtu mbaya. Shikamoo yake haikosi, na dawa zangu hunifuatia mwenyewe. Lakini ameambiwa joto na unyevu huharibu kuta, basi chumba changu anakigandisha. Nje watu wanaungua na jua, mimi ndani nasoma na soksi na sweta, magoti yananiuma.

Mtaniuliza, si umwambie? Hapo ndipo penye shida. Nilikolelewa mimi, mkwe wa kiume hasimami hata mlangoni pa chumba cha mama mkwe, na mama mkwe hamtajii habari za kitanda chake. Nimemtuma binti yangu mara nyingi. Anacheka tu.

"Mama, hayo ya zamani. Mwandikie meseji."

Nimwandikie mkwe wangu kwamba nasikia baridi kitandani?

Ijumaa iliyopita walikuja wageni baada ya sala. Tunakula pilau, mkwe wangu akanigeukia kwa upole kabisa. "Mama, leo asubuhi hukupumzika. Ulikuwa unazunguka tu chumbani. Halafu ukafukiza udi, joto likapanda."

Mzee mmoja wa Mombasa akaacha kula. "Wewe umejuaje? Ulikuwa naye?"

"Kile kipimo kinahisi mtu akitembea, mzee. Kinaniletea habari kwenye simu."

"Kumbe mkweo umemwekea askari chumbani."

Watu wakacheka, na binti yangu akacheka nao. Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Siku zote hizo navua baibui, nafukiza kanga zangu, nalia kidogo nikimkumbuka marehemu, na mkwe wangu ana habari kwamba niko macho na natembea.

Tangu siku ile nashinda sebuleni, chumbani naingia kulala tu. Rafiki yangu wa zamani, mjane kama mimi, ana chumba kitupu kule Fereej Bin Mahmoud. Ameniambia, "Njoo shoga, tuzeeke pamoja. Kiyoyozi utazima mwenyewe." Nilipomweleza binti yangu, safari hii hakucheka.

"Ukihama, Waswahili wote wa Doha watasema nimemfukuza mama yangu. Ukitoka hapa, mama, mimi sikufuati huko." Kisha akasema, "Kwa sababu ya kipimo tu?"

Nchi yangu niliihama bila kuulizwa, na nyumba nyingi baada yake vivyo hivyo. Hii ndiyo ya kwanza ninayotaka kuihama kwa hiari yangu, na ndimo alimo mwanangu.

Nikienda, nampoteza yeye na wajukuu. Nikibaki, lazima nimkalishe mkwe wangu nimwambie kwa mdomo wangu asinitazame chumbani, maneno ambayo sijui hata yanaanzaje. Ninyi mnaoishi na wakwe zenu, nishaurini: kati ya aibu hizi mbili, nichukue ipi?